Shangazi wa Birika anajibu: Majani yaleyale, ziwa jingine

*Jambo sana, Shangazi. Mimi ni mfanyabiashara, naishi Majengo hapa Goma. Mwezi jana nilikwenda Kampala kuchukua vitenge na viatu vya watoto. Pale Kikuubo kuna mama anauza chai ya rangi, nyekundu kama shaba iliyosuguliwa, ukiinywa unaamka mpaka masikio. Nikamwomba anionyeshe pakiti, nikanunua sita za aina hiyohiyo. Kufika nyumbani, chai inatoka nyeusi, imepooza, kama iliyolala kwenye terimosi tangu jana. Shemeji anasema nimeuziwa majani bandia. Bwana wangu anasema ni kwa sababu Goma iko juu. Nani yuko sawa? – Mama wa Pakiti Sita*

Mama wa Pakiti Sita, hakuna aliye sawa, ingawa bwana wako angalau alifikiri kabla ya kusema. Ni kweli kwamba kadiri unavyopanda, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mombasa ufukweni yanafika. Hapa kwetu, mita 1,500 hivi juu ya bahari, yanaishia kwenye 95, ndiyo maana maharagwe yetu yanamaliza makala (makaa). Lakini Kampala nayo iko mita 1,200 hivi. Tofauti yenu ni nyuzi moja, na nyuzi moja haigeuzi shaba kuwa lami.

Wewe umeniandikia habari za pakiti, hukuniambia habari za bidoni. Maji ulitoa wapi? Najua jibu, maana nami ninayatoa hukohuko. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha inazama, hakuna mto unaopita, basi tunakunywa ziwa. Yule mama wa Kikuubo naye anakunywa ziwa, maana bomba la Kampala linavuta maji Victoria. Ila ziwa na ziwa si ndugu. Maji ya Victoria ni mepesi. Ziwa letu, Kivu, linalishwa pia na chemchemi zinazotoka chini kwenye miamba ya volkano, na chumvi zilizoyeyuka ndani yake ni mara kumi hivi ya zile za Victoria. Si chumvi ya mboga. Nyingi ni za jamii ya magadi, na wewe kama mpishi unajua magadi yanavyofanya sufuriani: yanalainisha, na yanageuza rangi. Chai ikikutana nayo inakuwa nyeusi, na ule ukali unaoamsha masikio unazimika.

Usiniamini bure. Jumapili nilikaa na mbabula yangu, jiko langu la makaa, uani, nikapanga vikombe vitatu, kijiko kimoja cha majani kila kimoja, dakika tano kwa saa ya simu. Cha kwanza nilitia maji ya mvua: ikatoka nyekundu, unaona ua lililochorwa chini ya kikombe. Cha pili maji ya ziwa: ua halionekani. Cha tatu maji ya mvua tena, lakini niliongeza soda ya mandazi, kiasi cha kushika kwa kucha. Mjukuu wangu alipiga kelele, maana ile nyekundu iligeuka nyeusi mbele ya macho yake kama wingu limepita. Halafu nikakamua ndimu kwenye kile cha ziwa, matone manne tu, weusi ukakimbia ukabaki rangi ya chungwa. Alitaka nirudie mpaka ndimu zikaisha.

Kwa hiyo dawa yako ni ndimu ukinywa ya rangi (usithubutu ukitia maziwa, yatakatika), au maji ya mvua. Ya mvua yana masharti: acha mvua ya kwanza ioshe bati, na mlima ukiwa unatoa moshi mwingi usikinge kabisa, moshi wa Nyiragongo huingia kwenye mvua na floridi yake inaharibu meno ya watoto. Na yawe ya mvua au ya ziwa, chemsha. Nikisikia umeacha klorini kwa sababu ya ladha ya chai nitakuja Majengo mwenyewe. Kolera haijui utamu.

Na wala usidhani ni shida yetu peke yetu. London maji ni magumu, yaani yamebeba chokaa nyingi, chai inafunga utando juu. Ukipanda Uskoti ni laini. Waingereza wameona wasigombane na bomba: kuna majani wanayouza yaliyochanganywa kwa ajili ya maji magumu tu. Kuchanganya ni kazi ya kawaida. Kwenye mnada wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 kabla ya kuhamia Mombasa, yanauzwa majani ya nchi nyingi, hata ya Kongo, kisha wanunuzi wanayachanganya. Huenda kwenye pakiti zako sita mna majani ya Kivu yaliyokwenda kutembea yakarudi.

*Shangazi, mwanangu yuko Marekani, analalamika kwamba Coca-Cola ya kule si ile ya nyumbani. Ni ugonjwa wa kukumbuka nyumbani? – Papa wa Himbi*

Ugonjwa upo, lakini ulimi wake ni mzima. Sukre, kama tunavyoita soda hapa, inamaliziwa kila nchi kwa maji na sukari ya huko. Tangu 1984 Coca-Cola ya kawaida ya Marekani inatiwa utamu wa mahindi badala ya sukari ya miwa. Mwambie atafute chupa za glasi zinazotoka Mexico, hizo ni za miwa. Bei yake ni kubwa. Asikuombe wewe umtumie pesa za sukre.

*Bia ya Primus ya Gisenyi, kule Rwanda, na Primus ya kwetu, ipi ya kweli? Tumebishana mpaka usiku. – Vijana wanne, Birere*

Zote. Jina moja, viwanda tofauti, wapishi tofauti. Mimi sinywi, ila naona nyinyi mlionja zote mbili mara nyingi kabla ya kuniandikia.