Ukihamia ABI mpya, toa data kwanza

Kwa miaka kadhaa nilikuwa naangalia visanduku vinne vya kupima joto kwenye shamba moja la kahawa Kibosho, juu ya Moshi. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na bodi ndogo yenye prosesa ya ARM9, na Debian, mfumo endeshi wa Linux, katika toleo lake la zamani la prosesa za ARM lililoitwa "arm" tu. Mwaka 2009 Debian ilipotoa toleo la Lenny, arm ilitoka kwa mara ya mwisho, na pembeni yake ikazaliwa armel, yenye ABI mpya ya EABI. ABI ni kanuni za jinsi programu iliyokompailiwa inavyopanga data zake na kuongea na mfumo. Nikaamua kuhama.

Nilichotafuta ni kasi. ABI ya zamani ilichukulia kwamba chipu ina kikokotoo cha desimali cha FPA, na bodi zangu hazikuwa nacho. Basi kila hesabu ya desimali ilidakwa na kerneli, kiini cha mfumo, ikaigizwa humo, taratibu kama gari linalopanda Kibosho wakati wa masika. EABI huimaliza hesabu hiyo kwenye maktaba ya programu yenyewe, kerneli haisumbuliwi.

Usijaribu kupandisha toleo juu kwa juu. Tafuta kadi nyingine, weka mfumo upya, ile ya zamani ifungie kabatini. Programu yenye msimbo chanzo ikompaili upya. Isiyo nao itakuchezea: unaiita, mashine inajibu kwamba faili halipo, na ls inakuonyesha lipo palepale! Mimi ilinila jioni nzima. Kinachokosekana ni kipakiaji chake, faili linaloianzisha programu, ld-linux.so.2, kwa sababu EABI inatumia ld-linux.so.3. Piga amri ya readelf -l, utaona programu inaita kipi.

Lakini kilichonitoa jasho ni data. Programu yangu ilimwaga struct nzima, yaani fungu la data kama lilivyokaa kwenye kumbukumbu, kwenye faili: saa baiti 4, kisha joto, double (namba ya desimali) ya baiti 8. Rekodi moja baiti 12. EABI inataka double ianzie kwenye nafasi inayogawanyika kwa 8, kwa hiyo kompaila inaacha pengo la baiti 4 katikati na rekodi inakuwa 16. Nikasoma faili la zamani, nikapata joto lenye tarakimu zaidi ya 40. Nikacheka, nikaibana struct kwa packed, yaani isiwe na pengo, nikajua nimemaliza. Sasa kila kipimo kikasoma 0.00.

Mzee mwenye shamba akanipigia simu. "Kijana, barafu iko kule juu mlimani, siyo kwenye kahawa yangu."

Nikadhani waya umekatika. Nikapanda hadi shambani kwa bodaboda, nikakagua waya zote nne, nzima. Usiku nikafungua faili kwa hexdump, inayoonyesha baiti moja moja. Nyuzi 21.5 zilikaa hivi:

00 80 35 40 00 00 00 00

EABI ingeandika:

00 00 00 00 00 80 35 40

Nusu mbili zimebadilishana viti. FPA ilitanguliza nusu kubwa, hata kwenye mashine inayoanza na baiti ndogo. Na kipimajoto changu kinapanda kwa hatua za 0.0625, kwa hiyo nusu ya pili siku zote ni sifuri tupu. Ukiisoma kinyume unabaki na namba ndogo mno, printf inaandika 0.00. Laiti ningeona takataka, ningeshtuka mapema. Sifuri safi ndiyo iliyonipandisha bodaboda.

Kwa hiyo, wakati mfumo wa zamani bado unawaka, andika humo programu ya mistari 20 isome faili zake na kuzitoa kama maandishi, CSV inatosha. Mfumo ulioziandika namba zile unazijua wenyewe.

Juzi kijana mmoja wa Sakina, hapa Arusha, ameniletea bodi zake za armhf, Debian ya prosesa za ARM zenye kikokotoo cha desimali, anataka kuhamia Debian 13. "Shikamoo kaka. Jina si lilelile armhf, kuna kuhama gani tena?" Nikamwambia jina limebaki, ila toleo hilo la 2025 limeikuza time_t, namba inayotunza saa, kutoka baiti 4 hadi 8, kuikwepa ile Januari 19, 2038, saa za mfumo wa biti 32 zitakapojaa. Kwetu itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi. Nikamuuliza faili zake anaziandikaje. Akafungua kompyuta bila kunijibu, akashuka hadi kwenye fwrite, mstari unaoandika kwenye faili: struct nzima, na time_t imekaa ya kwanza.

Ile CSV tuliiandika palepale, kabla hajaizima bodi.