Wasomaji Wanauliza: Vitabu Ninavyosoma na Wenzangu Ninaoandika Nao

Swali: Dada, stori zako nazifuatilia toka mwanzo. Hivi wewe mwenyewe unasomaga nini?

Jibu: Asante sana mdogo wangu. Mi kwa kweli nasoma hadithi fupi kuliko kitu kingine chochote, riwaya nazo naanza nyingi ila namaliza zile ambazo mapema kabisa kuna mtu anataka kitu na hakipati. Halafu kuna tenzi, na hizo nasoma kwa sauti, sio kimoyomoyo, maana zilitungwa zighaniwe watu wasikie. Chukua Utendi wa Tambuka, ni wa mwaka 1728, kila kipande mizani 8, yani silabi nane, ukishaghani beti kama kumi hivi sikio lenyewe linaanza kuhesabu, ukirudi kwenye sentensi zako za kawaida unasikia kabisa neno lipi limezidi. Nilianza hivyo na sijaacha.

Swali: Na mawazo ya stori unayatoa wapi?

Jibu: Kwa watu, basi. Siku moja kwenye basi kulikuwa na mama anaongea na simu, akakata, nikaona kabisa kioo kimezima, lakini simu hakuishusha, akaendelea kuishikilia sikioni anaangalia nje mpaka tunafika. Nikaandika kwenye simu yangu maneno manne tu, "amekata simu lakini hajaishusha". Stori nzima ilitokea hapo.

Swali: Dada nina stori tatu naogopa kumwonyesha mtu. Niliwahi kuingia grupu moja la waandishi wakanicheka, nikatoka. Nyinyi kwenu mnafanyaje?

Jibu: Pole sana ndugu yangu, hilo limeniuma, kwa sababu mtu akichekwa mara ya kwanza anaweza asishike kalamu tena miaka.

Sisi tuko sita, tunakutana kila baada ya wiki mbili, stori moja kwa siku, isizidi kurasa nne. Anayesoma sio aliyeandika, anasoma mwenzake kwa sauti na mwandishi anakaa kimya na kalamu yake. Hiki ndo kitu kilichonisaidia kuliko vyote, yani ukisoma mwenyewe unaziba mashimo kwa sauti yako, unajua pa kupumua, unajua pa kukaza, lakini mwenzako hajui, kwa hiyo akikwama ujue kuna kitu hapo. Ile stori ya mama wa simu nilikuwa nimeongezea sentensi tatu za kueleza huzuni yake, na nilizipenda mno, lakini mwenzangu alipofika hapo sauti ikapoa, akawa anasoma kama tangazo. Mmoja akaniuliza kwa upole, "Mi simu nimeshaiona bado iko sikioni, mbona unanieleza tena?" Nikazikata zote tatu usiku ule ule.

Tukimaliza kusoma kila mtu anasema kwanza kile kilichombaki kichwani, ndo baadaye anasema wapi alipotea. Kusema "mi ningeandika hivi" hakuruhusiwi, stori ni ya mwenyewe.

Hata wakubwa walihitaji watu wa kuwasikiliza. Pale Oxford, Uingereza, miaka ya 1930 na 1940, waandishi Tolkien na C. S. Lewis walikuwa na wenzao wanasomeana miswada, na Tolkien mwenyewe aliandika kwamba bila Lewis kumtia moyo asingefika mwisho wa riwaya yake The Lord of the Rings, ambayo ilitoka mwaka 1954 na 1955. Ona hapo, anachokumbuka sio kusahihishwa, ni kwamba kulikuwa na mtu anayetaka kusikia inayofuata.

Kwa hiyo usitafute kundi kubwa sasa hivi, tafuta mtu mmoja tu anayependa kusoma, mpe ukurasa mmoja akusomee wewe kwa sauti, na usimuulize kama ni nzuri, muulize alitaka kuacha wapi. Na zile stori tatu tafadhali usizifute.