Kabla hujarekodi visu vyako

Mwambie mtu unakusanya stempu, atakuuliza una za nchi gani. Mwambie unakusanya visu, atakuuliza vya nini. Swali hilo nimeulizwa na majirani, na fundi umeme, na wakwe pia, na maelezo yangu hayajawahi kumtuliza hata mmoja wao. Kilichowatuliza ni video fupi nilizopiga kwa simu na kuzituma kwenye magrupu ya familia.

Watu si wa kulaumiwa, maana hofu hiyo wamefundishwa na sinema. Marekani ya miaka ya 1950 ilijaa filamu za vijana wahuni wenye visu vya kufyatuka kwa kitufe. Filamu hizo, pamoja na kelele za magazeti, ziliwatia watu hofu hadi mwaka 1958 ikapitishwa sheria ya kuzuia biashara ya visu hivyo kati ya jimbo na jimbo. Uingereza nayo ikaweka sheria yake 1959. Huko huko Uingereza baadaye vikaja visu vilivyobuniwa kwa kuiga filamu za mazombi: meno mgongoni, rangi za kuwaka, maneno ya vitisho kwenye bapa. Vilipigwa marufuku 2016, kisha Septemba 2024 England na Wales zikapanua marufuku hiyo. Sikuona cha kulilia. Kisu kilichotengenezwa ili kitishe hakina nafasi kwenye kabati langu.

Basi ukitaka kusafisha jina la wapenzi wa visu kwa kamera hiyo hiyo, usianze na kisu. Anza na mkono. Mrekodi mtu akinoa: kinoo kimelowa, tope la kijivu linajikusanya pembeni, anapitisha bapa taratibu kwa pembe ileile, anageuza, anarudia. Baadaye anafuta kwa kitambaa na kukata ukanda wa gazeti bila kulichana. Muziki usiweke. Ile sauti ya chuma juu ya jiwe inatosha, na kila aliyekulia nyumba yenye jiko anaijua. Ukiweka ngoma nzito na giza nyuma, umeshatengeneza filamu ya kutisha hata kama kisu chenyewe ni cha kumenyea viazi.

Angalia na upande wa ncha. Ncha ikielekea kamera, imemwelekea mtazamaji, naye atarudi nyuma hata akiwa kitandani kwake. Laza kisu mezani, mwanga wa dirishani utoke ubavuni, makali yaelekee kwako, ala iwe karibu. Ukimpa mtu mwingine, tangulize mpini. Mwisho onyesha kinavyorudi kabatini na ufunguo unavyogeuka. Kwa mzazi anayetazama, hizo sekunde chache zina uzito kuliko historia yote uliyosimulia.

Historia nayo ina utamu wake, ila itoke kinywani mwa mwenye kitu. Pwani yetu ina jambia, kisu kipana kilichopinda, ambalo bwana harusi hulivaa na joho na kilemba. Oman limo hadi kwenye bendera ya taifa, na mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wake na desturi zake katika orodha ya urithi wa utamaduni. Ukimpata mzee mwenye jambia la familia, mwombe akae barazani alishike mwenyewe. Muulize nani alilivaa kabla yake, limehudhuria harusi za nani, madini yake ya fedha husafishwa kwa kitu gani. Usimuulize kama limewahi kumwaga damu! Wapiga video wote hukimbilia swali hilo, na likishaulizwa, mtazamaji hakumbuki jingine.

Hapa kuna jambo ambalo wenzangu wengine hawapendi nilitaje: mipini. Majambia ya zamani ya thamani, hasa ya Yemen, yalitiwa mipini ya pembe za faru. Faru weusi wa Afrika walikuwa kama 65,000 mwaka 1970, na katikati ya miaka ya 1990 wakabaki chini ya 2,500. Dawa za jadi za Asia zilichangia, lakini mipini nayo imo. Yemen ya Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza pembe hizo 1982. Ukikirekodi kisu cha namna hiyo, liseme waziwazi, wala usikitangaze kuwa kinauzwa. Ukinyamaza, mtu mwingine atalisema, nasi sote tutaonekana waficha mambo.

Tusimsahau mhunzi. Kipande cha springi ya lori kinavyopashwa moto mpaka kiwe chekundu, kikagongwa, kikachovywa na kupigwa tupa, ni filamu kamili. Nenda Kamukunji, Nairobi, au kwa mhunzi yeyote wa mtaani kwako, omba ruhusa, mlipe muda wake. Kuna kipindi cha mashindano ya wahunzi kilichoanza Marekani 2015, kimewavuta watu wengi kwenye ufundi huu. Nakipenda wanapofua. Wanapojaribu visu kwa kukata nguruwe aliyechinjwa au mwanasesere mwenye damu bandia, naona wanabomoa walichokijenga. Kata kamba, kata mwanzi, menya muhogo.

Usirekodi barabarani. Polisi hana haja ya kujua wewe ni msanii, na kubeba kisu hadharani kuna sheria zake kila nchi. Sura ya nyumba yako pia isionekane, kwa sababu mkusanyiko wa thamani una wateja wasiobisha hodi.

Video ikikamilika, usiipeleke kwanza kwa wapenzi wenzako. Wao watasifia chuma tu. Mimi humpa shemeji yangu, ambaye hata kisu cha mkate humkosesha raha, nami namtazama yeye badala ya skrini. Dakika atakayogeuza uso, hapo ndipo pa kukata.