Nilikimbia miezi mitatu, kitambi kikabaki

Kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani, hapa Malaba upande wa Uganda. Ni kazi ya kukaa: unasubiri karatasi, unasubiri dereva, unasubiri mtandao urudi, na katikati ya kusubiri kuna chapati na soda. Siku moja dereva wa Mombasa akaniambia, "Bosi, wewe sasa ni kontena la futi arobaini." Nikacheka naye. Jioni nikapanda mizani ya duka la dawa nikakuta kilo 94. Hapo kicheko kikaniisha.

Nikaanza kukimbia. Kilomita tano kila alfajiri, pembeni mwa barabara ya Tororo, malori yakinipigia honi. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimepunguza kilo mbili na kupata goti bovu.

Kosa lilikuwa kwenye hesabu. Ukikimbia, mwili unachoma takriban kalori moja kwa kila kilo yako kwa kila kilomita. Kwa uzito wangu, kilomita tano ni kama kalori 450. Nami nikitoka barabarani nilikuwa napitia kwa kijana wa rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai ndani: chapati mbili, mayai mawili, mafuta yamelowesha gazeti. Chapati moja nene huweza kufika kalori 300. Nilikuwa narudisha yote, na nyongeza, kabla jasho halijakauka.

Kwa hiyo anza na sahani. Sikuhamia vyakula vya supamaketi. Ugali wa wimbi nakula mpaka leo, ila tonge zimepungua na mboga zimeongezeka. Kila mlo natafuta protini: mayai ya kuchemsha, maharage, samaki, au mukene, wale dagaa wetu wa bei nafuu. Aliyenidanganya muda mrefu ni mchuzi wa karanga. Ni chakula kizuri, sikatai, lakini gramu ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga au protini ina 4, na karibu nusu ya karanga ni mafuta. Siku nilipoanza kuupima kwa kijiko, mke wangu aliniuliza, "Baba Zuhura, unaumwa?"

Vyuma nilivianza kwa shingo upande. Jimu yenyewe iko nyuma ya karakana ya mchomeleaji mjini Tororo, na vyuma vingi si vyuma: ni mikebe ya rangi iliyojazwa saruji, ikaunganishwa kwa bomba. (Tororo ni mji wa saruji, ungetegemea nini?) Mwalimu alininyima mikebe wiki mbili nzima. Nilichuchumaa na kuinuka na bomba tupu begani, vijana wakinitazama, mpaka mgongo ukajifunza kunyooka.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba ukipunguza chakula bila kunyanyua kitu kizito, mwili hula mafuta na misuli pamoja. Ukinyanyua, misuli mingi inabaki. Ndiyo maana kuna mwezi mizani haikusogea hata kidogo, lakini mkanda ulirudi nyuma matundu mawili. Kama ningeamini mizani peke yake, ningeacha.

Ratiba yangu: vyuma siku tatu, kutembea kwa kasi siku nyingine tatu, dakika 50 kila siku. Hiyo inatimiza zile dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri. Kukimbia nilikurudia baadaye, goti lilipopoa. Nikilazimika kufanya vyote siku moja, vyuma vinatangulia nikiwa bado na nguvu. Mara mojamoja Jumapili tunapanda Mwamba wa Tororo na ngazi zake, na pale hakuna anayehitaji kukumbushwa kuvuta pumzi. Mwenye presha au kisukari apite kwa daktari kwanza.

Miezi minane sasa, niko kilo 83. Soda ndiyo bado inanishinda, hasa mtandao ukigoma na madereva wamenizunguka. Siku hizo nanunua ile chupa ndogo.