Nimnunulie dada taa ya bluu ya kuotesha mayelini?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko hapa Kirumba, Mwanza, sisi huku taa tunazijua za kuvulia dagaa tu. Dada yangu ana maltipo sklerosisi, miguu inakufa ganzi na jicho moja linamsumbua, sasa kuna jamaa anauza taa ya bluu anasema ukijimulika kichwani kila siku mayelini inaota upya, eti Marekani walishafanya. Ninunue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinunue. Ila jamaa hajatunga yote, kachukua utafiti wa kweli akabaki na kipande kinachouzika.

Mayelini ni utando wa mafuta unaoviringishwa kwenye nyuzi za neva. Ukiwepo ujumbe unaweza kupita mita 100 kwa sekunde, usipokuwepo unajikokota, na kwa dada yako kinga ya mwili ndo inautafuna utando huo. Sasa 2014 timu ya mtafiti Michelle Monje pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitumia panya waliozaliwa na jeni ya mwani, Chlamydomonas, kimwani cha seli moja tu ambacho kinaogelea kuufuata mwanga kama dagaa wenu, na proteni inayokiwezesha kuuhisi ndo hiyohiyo waliyokuwa nayo wale panya kwenye neva, ukiimulika bluu inafungua mlango, chaji za umeme zinaingia, neva inafyatua ujumbe. Wakamulika sehemu ya ubongo inayopanga mwendo, upande mmoja, dakika 10 kwa siku, siku 7. Seli changa za kutengeneza mayelini zikaanza kuongezeka, baada ya wiki 4 utando umenenepa na mguu wa mbele wa upande wa pili unarushwa kwa kasi zaidi. Utafiti mtamu kweli, mi mwenyewe niliusoma mara mbilimbili.

Lakini wale panya walikuwa wazima, na mwanga uliingizwa kwa faiba, kauzi kembamba ka kupitishia mwanga, hadi kwenye ubongo wenyewe. Dada hana jeni ya mwani, na bluu haipenyi fuvu, inaishia juujuu. Muulize muuzaji hiyo jeni kaiweka lini! Kwa binadamu, 2021 kipofu mmoja aliwekewa jeni ya aina hiyo jichoni kwa kutumia virusi, akivaa miwani maalumu akaweza kuonyesha vitu vilivyo mezani, ila hiyo ni kuona, sio mayelini.

Hela ya taa fanya nauli na vipimo, ombeni rufaa hospitali ya Bugando, muulizie dawa za kutuliza kinga, zipo na zinapunguza mashambulizi. Jicho likianza kuuma au kufifia ghafla msisubiri kliniki, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Na jua la mchana asilikae sana, joto linamzidishia ganzi kwa muda.