Grupu jipya limepooza? Anza na wachache wenye shida moja

Wakuu habari zenu. Kila siku naona mtu anauliza atapataje memba kwenye grupu lake jipya, na mimi ni admini wa kundi la wafugaji wa kuku Telegram, kwaiyo niseme ninachokijua.

Shida ya mwanzo ni hii, mtu anabonyeza linki, anaingia, anakuta kimya, anatoka, na yule anaekuja baada yake nae anakuta kimya hichohicho. Kumwaga linki kwenye magrupu ya watu hakusaidii kabisa, utapata watu kibao wasiojuana, kila mmoja anasubiri mwenzie aanze kuongea.

Facebook yenyewe ilipoanza Februari 2004 ilikua ya chuo cha Harvard tu, kama huna imeili ya chuo huingii, baadae wakaongeza Columbia, Stanford na Yale, sisi wengine wote tumefunguliwa Septemba 2006. Wale wa mwanzo walikua wanaonana darasani, ukiingia unakuta unaowajua. Sasa wewe unaanza na "Wajasiriamali Afrika Mashariki", wataongea nini? Sisi tulianza na wateja wa duka moja la dawa za mifugo, wananunua chanjo sehemu moja, bei ya chakula ikipanda inawauma wote, na kideri (ule ugonjwa wa kuku, Newcastle) kikiingia mtaa wa huyu, yule nae hapati usingizi.

Alafu swali la kwanza la mtu usiliache lilale. Kuna mama alituma picha usiku, maranda yana kinyesi chenye damu, vifaranga wake wana wiki tatu na wamejikunyata pembeni. Nikamwambia inafanana na koksidiosi, ugonjwa wa utumbo wa kuku unaoleta kuhara damu, atenge wagonjwa, atoe maranda yaliyolowa, na nikamtafuta daktari wa mifugo akamwelekeza dawa ya kuweka kwenye maji na kiasi chake. Siku chache mbele karudi kutoa mrejesho, na majirani zake kawaleta yeye mwenyewe, mi sikumwomba.

Kuna watakaokushauri ufungue akaunti za uongo ili paonekane pamechangamka. Ni kweli Reddit, ule mtandao wa majadiliano, ilipoanza 2005, waanzilishi wake Steve Huffman na Alexis Ohanian walikua wanaposti wenyewe kwa majina mengi ya kubuni. Mi siungi mkono, hasa huku kwetu ambako mtu anachukua ushauri wako anaenda kuufanyia kazi kwenye mali yake, akigundua wale watu watano waliomjibu wote ni wewe, hakuamini tena na ana haki. Bora utafute wazoefu watatu wanne uwafate inbox, "kaka kesho tuwekee bei ya trei ya mayai huko kwako, na picha ya banda". Mtu ukimuomba kwa jina anafanya, ila ile ya "changieni jamani" kila mtu anajua anaambiwa mwingine.

Na video ndefu achaneni nazo mwanzoni, wengi wanaingia kwa bando la kuungaunga, picha moja na maelezo mafupi yanatosha.

Wasomaji wa kimyakimya watakua wengi kuliko wachangiaji, msiwatoe. Mi nawasalimia mmoja mmoja pembeni, namuuliza una kuku wangapi, wana umri gani, nini kinakusumbua, na mara nyingi jibu lake ndo swali ambalo wenzie wanalo pia, kwaiyo namwomba akaliweke kwenye kundi mwenyewe na mi nahakikisha daktari yupo hewani muda huo.