Kwa wadogo zangu mnaoanza wodini: Mama Askofu naye alimwaga bedpani

Jumapili iliyopita, zamu ya mchana, niliwakuta wanafunzi watatu wa fildi wamejikusanya kaunta, simu moja, vichwa vitatu. Walikuwa wakimtazama Mama Sarah Mullally, nesi wa zamani ambaye sasa ni Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa kiroho wa Waanglikana duniani. Mmoja akasema, "Jamani, kumbe unesi unamtoa mtu!" Moyo wangu ulichanua, maana mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa, nimebatizwa Magila, misheni ya kale kule Muheza. Kisha nikachukua chati. Kitanda cha 4, upumuaji 20. Kitanda cha 5, upumuaji 20. Cha 6, 20. Wodi nzima inavuta pumzi pamoja kama kwaya ya Pasaka. Nikajua hakuna aliyehesabu hata mmoja.

Nina miaka 27 katika kazi hii hapa Tanga, na kila kundi jipya linakuja na makosa ya kundi lililotangulia. Nawapenda, wanangu, ndiyo maana nayaandika.

1. Unesi haukumtoa popote. Fuateni vizuri safari yake. Alianza kama muuguzi wa kawaida London, hospitali ya St Thomas', akajikita kwa wagonjwa wa saratani. Akawa sista wa wodi, akapanda hadi kuongoza wauguzi wa hospitali nzima. Mwaka 1999, akiwa na miaka 37, akafanywa Muuguzi Mkuu wa serikali. Ushemasi alipewa 2001, ukasisi 2002, na yote hayo akiwa bado anafanya kazi ya uuguzi, aliiacha 2004. Sasa angalieni: siku anawekewa mikono kuwa shemasi, Kanisa la Uingereza lilikuwa haliruhusu mwanamke kuwa askofu. Mlango ulifunguliwa 2014. Yeye akawa Askofu wa Crediton 2015, wa London 2018, na Oktoba 2025 akatangazwa kwa Canterbury, mwanamke wa kwanza katika kiti ambacho amekuwa wa 106 kukikalia. Mtu havizii kiti ambacho hakipo. Huyu mama miaka yote hiyo alikuwa anafanya kazi iliyokuwa mbele yake, na mimi ndicho ninachotaka mkione.

(Najua wapo wenzangu, hasa sisi tuliolelewa na UMCA, ile misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, ambao habari ya mwanamke altareni haiwaingii kabisa. Wazee wangu wawili wa kanisa hatusalimiani vizuri tangu Oktoba. Tutapatana.)

2. Upumuaji unahesabiwa dakika nzima, mkono ukiwa kwenye mapigo ili mgonjwa asijue kama unamhesabu.

3. Kumwongezea mgonjwa damu: majina yote matatu, namba ya faili, kundi, na mtu wa pili wa kuhakiki. Mmefundishwa, mmefanyia mtihani, mmefaulu. Na mimi nilifaulu.

Ilikuwa mwaka uleule wa 1999, mwaka wangu wa pili kazini, hospitali moja mkoani humu. Zamu ya usiku, masika, mvua inapiga bati hata uiname ndipo umsikie mgonjwa. Wodi ya wanawake, wagonjwa 31, manesi wawili, na mwenzangu alikuwa amesindikiza mgonjwa thieta, chumba cha upasuaji. Tulikuwa na kina mama wawili wa jina moja, na baba zao jina moja. Mnayajua majina ya kwetu, ukiita moja Ngamiani wanageuka sita. Mmoja alilala kitanda cha 7, mwingine cha 12. Damu ikaja kutoka maabara. Nikasoma majina mawili nikaishia hapo. La tatu lilikuwa mstari wa chini. Namba ya faili sikuigusa, na mwenzangu sikumsubiri. Nikamtundikia wa kitanda cha 7. Mfuko ulikuwa wa mwenzake, kundi B, yeye ni O.

Dakika 15 za mwanzo hatuondoki kitandani. Mimi niliondoka. Nilikwenda kaunta kuandika ripoti ili asubuhi nisichelewe kukabidhi zamu. Nikamsikia ananiita: "Mwanangu, kiuno chanikata." Nikamjibu nikiwa kulekule nilipokaa, "Vumilia mama, ni kulala sana." Akaita tena kwamba anasikia baridi. Nikampelekea shuka la pili. Nilimfunika vizuri, nikamchomekea hadi miguuni, na damu inashuka tone kwa tone juu ya kichwa changu, wala sikuinua macho kuutazama ule mfuko.

Aliyeniita kwa nguvu ni mama mmoja aliyekuwa akimuuguza binti yake kitanda cha jirani: "Nesi, huyu anatetemeka na kitanda chake!" Hapo ndipo nikafunga damu, nikatoa mpira wote, nikaweka mpya na maji ya chumvi, nikamkimbilia daktari wa zamu. Mkojo wa kwanza ulitoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Tukawa tunaupima kila saa, na mimi kila saa nasali mbele ya ule mfuko wa mkojo.

Alipona. Siku alipopata nguvu ya kukaa, inchaji wangu, mkuu wa wodi, alinishika mkono tukaenda hadi kitandani, akaniambia niseme mwenyewe. Nikasema yote. Yule mama alinitazama muda mrefu, halafu akauliza, "Nilipokuita, ulinisikia?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama."

Hakuuliza jambo lingine. Na mimi hadi leo nikiwa kaunta nikasikia "mwanangu" kutoka kitandani, kalamu inabaki mezani.

4. Ukiitwa, nyanyuka. Mullally siku alipotangazwa alizungumzia kuosha miguu, kwamba ndiko kulikomfinyanga kama nesi, kisha kasisi, kisha askofu. Wengine walisikia habari ya Alhamisi Kuu, Yesu akiwaosha wanafunzi wake miguu. Mimi niliona beseni la wodini, lile la plastiki, maji yake ya vuguvugu, na kisigino cha bibi aliyekaa kitandani wiki tatu. Ukiosha kisigino ndipo unakiona kidonda kinachoanza. Kwenye chati hukioni. Wala hili si la Uingereza tu. Wanaotoka Muheza wanajua kwamba Hospitali Teule ina mizizi Magila, na masista wa misheni waliuguza watu kule kabla bibi zetu hawajaolewa. Kuimba zaburi na kubadilisha shuka vilikuwa ratiba ya mtu mmoja, siku moja.

5. Kanula, ule mpira mdogo wa mshipani, ina tarehe ya kuwekwa. Iandikeni.

6. Usiandike ulichofanya kabla hujakifanya, hata kama ni dawa ya saa kumi na mbili na wewe unajua kwamba utaitoa.

Yule aliyesema unesi unamtoa mtu, nimempanga na mimi Jumanne usiku. Kuna mgonjwa wa kuongezewa damu, na dakika 15 za mwanzo tutakaa naye wote wawili, kila mmoja upande wake wa kitanda. Aje na saa yenye mshale wa sekunde. Ya simu siitaki.